Kleene, mwanamantiki aliyeipa kompyuta nyota ya kusaka maneno

Na Mwandishi Wetu

KATIKA ramani ya Tanzania yapo majina mawili ambayo herufi zake nane za mwanzo hazitofautiani hata kidogo. La kwanza ni Ngorongo, kata iliyoko wilayani Rufiji, mkoani Pwani. La pili ni Ngorongoro, wilaya ya mkoa wa Arusha inayojulikana duniani kote kwa kreta yake na wanyamapori wake.

Binadamu hayachanganyi majina hayo. Hakuna mkulima wa Ngorongo aliyewahi kupanda basi la Arusha kwa kudhani kwamba anarudi kwake. Kompyuta haina akili hiyo. Ikiamriwa ilitafute neno Ngorongo katika faili na kuweka Ngorongo-Rufiji mahali pake, itatii kama ilivyoagizwa, na kila palipoandikwa Ngorongoro patatokea kioja kiitwacho Ngorongo-Rufijiro.

Makosa ya namna hiyo si mzaha. Orodha za wanafunzi, za wagonjwa, za wapiga kura na za wananchi wanaohitaji msaada baada ya mafuriko, kama yale yaliyoikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024, huhifadhiwa siku hizi katika mafaili ya kompyuta. Jina likiharibika humo, mwenye jina hufika dirishani akaambiwa kwamba hayumo, ilhali amesimama pale pale.

Hata hivyo, ipo njia ya kuiambia kompyuta, kwa mstari mmoja mfupi, iichukue Ngorongo na kuiacha Ngorongoro. Njia hiyo wataalamu huiita rejeksi, yaani ruwaza iliyoundwa kwa herufi na alama chache ili kueleza umbo la maneno yanayotafutwa.

Aliyeweka msingi wake hakuwa mtengenezaji wa kompyuta wala mwandishi wa programu. Alikuwa mwanamantiki wa Marekani, Stephen Cole Kleene, ambaye maisha yake yote aliyatumia kuuliza ni mambo gani yanayoweza kukokotolewa na mashine, na ni yapi ambayo hayawezekani kamwe.

Mtoto wa mchumi na mshairi

Kleene alizaliwa Januari 5, 1909, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, Gustav Adolph Kleene, alikuwa profesa wa uchumi. Mama yake, Alice Lena Cole, alikuwa mshairi.

Jina la ukoo huwatatiza wengi. Msomaji wa Kiswahili angelitamka kwa kufuata herufi zake, na Mwingereza angelitamka kwa namna nyingine. Mwenyewe alilitamka Kleini, ingawa matamshi hayo hayafuati kanuni za lugha yoyote inayojulikana.

Ingawa alizaliwa mjini, moyo wake ulikuwa shambani. Familia yake ilikuwa na shamba katika jimbo la Maine, na huko ndiko alikopahesabu kuwa kwao hadi uzeeni. Alipenda kupanda milima na kutembea porini, na aliwahi kugundua namna ya kipepeo iliyopewa jina lake.

Alisoma katika Chuo cha Amherst, jimboni Massachusetts, na kuhitimu mwaka 1930. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton kusomea shahada ya uzamivu chini ya Alonzo Church, mwalimu kijana ambaye wakati huo alikuwa akijenga mfumo mpya wa mantiki.

Jawabu lililopatikana kwa daktari wa meno

Princeton ya miaka ya 1930 ilikuwa kitovu cha fikra juu ya misingi ya hisabati. Mwaka 1934 Kurt Gödel, mwanamantiki kutoka Austria, alitoa mihadhara huko, na vijana wawili walioyaandika maelezo yake yakasambazwa walikuwa Kleene na mwenzake J. Barkley Rosser.

Swali kubwa la wakati ule lilihusu maana ya neno kukokotoa. Kila mtu alijua kwamba kujumlisha na kuzidisha ni kukokotoa. Kilichokosekana ni maelezo yasiyo na utata ya kazi zote zinazoweza kufanywa kwa kufuata kanuni hatua kwa hatua, bila ya kubahatisha na bila ya kuhitaji busara ya mtendaji.

Church aliunda mfumo uitwao lambda, ambamo namba zenyewe zilielezwa kama vitendo vinavyorudiwa. Katika mfumo huo kujumlisha kulikuwa rahisi, na kuzidisha vilevile. Jambo lililoshindikana ni lile ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulifanya kwa vidole, yaani kutoa moja. Church mwenyewe alikwisha karibia kuamini kwamba haliwezekani.

Kleene alilipata jawabu mapema mwaka 1932, akiwa kwa daktari wa meno kwa ajili ya kung'olewa magego, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Alitambua kwamba ili kurudi nyuma hatua moja ni lazima kila hatua ya mbele ibebe kumbukumbu ya ile iliyoitangulia. Asiyeweka kumbukumbu ya alikotoka hana njia ya kurudi.

Funzo hilo lilikuwa la hisabati tupu. Hata hivyo, kila aliyewahi kubadilisha maneno elfu moja katika faili kwa amri moja, kisha akagundua kwamba amekosea, analielewa bila ya kufundishwa.

Kleene alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1934. Mwaka uliofuata yeye na Rosser walichapisha uthibitisho kwamba mfumo wa awali wa mwalimu wao ulikuwa na mkinzano ndani yake. Church hakukasirika. Sehemu iliyosalimika ya mfumo huo ndiyo iliyokuja kuwa miongoni mwa nguzo za lugha za kompyuta.

Mwaka 1935 Kleene aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Mbali na mapumziko ya vita na safari za kitaaluma, huko ndiko alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1979.

Vita Kuu ya Pili ilimchukua darasani. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1946 alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani, kwanza akiwafundisha maofisa wanafunzi elimu ya kuongoza meli mjini New York, kisha akasimamia miradi katika maabara ya utafiti ya jeshi hilo mjini Washington. Mwaka 1942 pia ndio aliomwoa Nancy Elliott, na walijaaliwa watoto wanne.

Baada ya vita alirejea Madison, na mwaka 1948 akawa profesa kamili. Mwaka 1952 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya hisabati, ambacho kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kuwalea wanamantiki wa vizazi kadhaa. Katika kitabu hicho ndimo alimoipa jina la Church ile dai kwamba kila kinachoweza kukokotolewa kwa kanuni kinaingia ndani ya maelezo waliyoyapata Princeton.

Kiangazi cha mwaka 1951

Kazi iliyozaa rejeksi aliifanya mbali na Madison, katika kiangazi cha mwaka 1951, alipoalikwa na shirika la utafiti la RAND, mjini Santa Monica, California. Huko alipewa makala ya kuisoma na kuichambua.

Makala hiyo ilikuwa imechapishwa mwaka 1943 na Warren McCulloch, mtaalamu wa ubongo, pamoja na Walter Pitts, kijana aliyejifunza mantiki kwa kujisomea. Wawili hao walijaribu kueleza seli za neva kama vijidude vya mantiki, kila kimoja kikiwaka au kuzimika kutegemea majirani zake.

Kleene aliuliza swali lililo wazi zaidi. Ikiwa mtandao wa neva una sehemu zenye idadi maalumu, na hivyo unaweza kuwa katika hali chache zenye kikomo, je, ni mfuatano gani wa matukio unaoweza kuutambua?

Jawabu lake lilihitaji vitendo vitatu tu. Cha kwanza ni kufuatanisha, yaani kitu hiki kisha kile. Cha pili ni kuchagua, yaani kitu hiki au kile. Cha tatu ni kurudia, yaani kitu hiki mara yoyote ile, hata mara sifuri. Kitendo cha tatu alikiwekea alama ya nyota, ambayo hadi leo huitwa nyota ya Kleene.

Kisha akathibitisha kwamba kila ruwaza inayojengwa kwa vitendo hivyo inaweza kutambuliwa na mashine yenye hali chache. Akathibitisha pia upande wa pili, kwamba kila kinachotambuliwa na mashine ya namna hiyo kinaweza kuandikwa kwa vitendo hivyo vitatu. Lugha ya maandishi na mwendo wa mashine vikawa kitu kimoja.

Msomaji anaweza kuifikiria mashine hiyo kama msafiri anayepita vituo. Ikisoma N inahamia kituo cha kwanza, ikisoma g inahamia cha pili, hadi inapofika o ya mwisho ya Ngorongo. Hapo inaangalia kinachofuata. Ikikuta nafasi au nukta, imepata jina la kata ya Rufiji. Ikikuta r, inajua kwamba njia hii inaelekea Arusha, na inaachana nayo.

Matokeo hayo yalitolewa kwanza kama ripoti ya ndani ya RAND mwaka 1951, kisha yakachapishwa mwaka 1956 katika kitabu kilichohaririwa na Claude Shannon na John McCarthy. Wakati huo nyota ilikaa kati ya vitu viwili. Wengine waliofuata ndio walioisogeza hadi mahali ilipo leo, mwishoni mwa kile kinachorudiwa.

Matukio yanayotambuliwa na mashine zake Kleene aliyaita ya kawaida, kwa maana ya yenye kufuata kanuni. Neno hilo halikumridhisha, na katika makala yake aliwaomba wasomaji wapendekeze lililo bora. Hakuna lililoshika. Neno aliloliomba radhi ndilo ambalo Kiingereza kimelibakiza katika jina la chombo hicho hadi leo.

Kutoka neva hadi maandishi

Kwa miaka zaidi ya kumi nyota ya Kleene iliishi vitabuni. Aliyeifikisha kwenye kazi za kila siku ni Ken Thompson, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliyeiingiza katika programu ya kuhariri maandishi iitwayo QED. Mwaka 1968 alichapisha maelezo ya namna ya kuigeuza ruwaza kuwa amri za kompyuta ya IBM 7094. Kleene alikuwa na umri wa miaka 59.

Thompson aliichukua pia ruwaza hiyo katika mfumo wa Unix, alioanza kuujenga na Dennis Ritchie mwaka 1969. Katika mfumo huo ikazaliwa programu ndogo iitwayo grep, ambayo kazi yake ni kupitia faili na kutoa kila mstari unaolingana na ruwaza. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya Perl, iliyoifanya rejeksi kuwa chombo cha kila mtu anayeshughulika na maandishi.

Wakati huohuo maandishi yenyewe yalikuwa yakibadilika. Badala ya kuhifadhi maneno matupu, watu walianza kuyazungushia tagi, yaani alama zinazosema neno hili ni kichwa cha habari, hili ni jina la mtu, hili ni jina la mahali. Kanuni za SGML zilipitishwa kimataifa mwaka 1986, HTML ya kurasa za intaneti ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na XML ikatolewa Februari 1998.

Faida ya tagi huonekana vizuri zaidi kwa mfano wa Rufiji yenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji. Kata za Bungu, Mchukwi na Salale zikawa za Kibiti, wakati Ngorongo, Utete na Ikwiriri zilibaki Rufiji.

Tuseme karani ana faili kubwa la zamani, na ametakiwa kulisahihisha. Akiamuru kila neno Rufiji ligeuzwe kuwa Kibiti, mto Rufiji utapoteza jina lake, delta nayo itapotea, na Warufiji watageuka WaKibiti. Wakazi wa Ngorongo watajikuta wamehamishwa wilaya bila ya kubeba hata mkeka.

Iwapo faili lina tagi, karani anaweza kutafuta kwa ruwaza hii:

<kata>(Bungu|Mchukwi|Salale)</kata><wilaya>Rufiji</wilaya>

Mahali pake ataweka hii:

<kata>\1</kata><wilaya>Kibiti</wilaya>

Kijistari kilichosimama wima kati ya majina ni kile kitendo cha pili cha Kleene, cha kuchagua. Mabano yanalikamata jina la kata lililopatikana, na alama ya \1 inalirudisha mahali pake kama lilivyokuwa. Mto hauguswi, kwa kuwa haumo ndani ya tagi ya wilaya. Ngorongo haiguswi, kwa kuwa haimo ndani ya mabano.

Mfano huu unafanana na kazi ya wavuvi wa delta. Wavu wa kambamiti hausifiwi kwa kuwa mkubwa tu. Husifiwa kwa macho yake, yanayoamua nini kibaki na nini kipite.

Kiswahili nacho kinafuata nyota

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya Kiingereza. Ukweli ni kwamba Kiswahili, kwa namna kinavyopanga viambishi vyake, kinaikubali ruwaza ya Kleene vizuri ajabu.

Ruwaza hii fupi, (ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)soma, inabeba maneno 24 kwa mkupuo mmoja, kuanzia ninasoma hadi wamesoma. Nafsi ziko 6, nyakati ziko 4, na kila moja inaungana na nyingine bila ya kugombana. Mwalimu wa sarufi ataitambua mara moja, kwa sababu ndilo jedwali analolichora ubaoni.

Wanaisimu waliliona hilo mapema. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alitoa njia ya kuchambua maumbo ya maneno kwa mashine zenye hali chache, zile zile alizozichunguza Kleene. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, akaitumia njia hiyo kwa Kiswahili.

Kazi hiyo ilizaa mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kiswahili wa Helsinki, wenye mamilioni ya maneno kutoka magazetini na vitabuni. Kila neno humo limewekewa maelezo ya mzizi wake, aina yake na ngeli yake. Mwanafunzi anayetaka kuona namna neno moja lilivyotumika katika sentensi mia kadhaa hulipata kwa muda mfupi, na anachokiandika kulitafuta ni ruwaza.

Mpaka wa nyota

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Kleene alionyesha pia mahali nguvu ya ruwaza inapokomea.

Mashine yenye hali chache haina kumbukumbu isiyo na mwisho. Haiwezi kuhesabu kina cha vitu vilivyowekwa ndani ya vingine pasipo kikomo. Kitabu chenye tagi kina sura, ndani ya sura mna aya, ndani ya aya mna orodha, na ndani ya orodha huenda mkawa na orodha nyingine. Kuhakikisha kwamba kila tagi iliyofunguliwa imefungwa mahali pake, hata tagi ziingiane mara ngapi, ni kazi iliyo nje ya uwezo wa vitendo vile vitatu.

Programu za leo zimeongezewa mbinu ambazo Kleene hakuziweka, zikiwamo alama ya mpaka wa neno na ile ya \1 tuliyoiona hapo juu. Hata hivyo, wataalamu huonya kwamba faili lenye tagi zilizoingiana sana lisomwe kwa programu zilizoundwa kuufuata mti wa tagi, na rejeksi iachiwe kazi inayoiweza.

Nyota yenyewe ina hatari nyingine. Katika programu nyingi, ikiachwa bila ya mpaka, hula kadiri inavyoweza. Tuseme mstari mmoja una majina mawili, <kata>Ngorongo</kata> na <kata>Utete</kata>. Anayetafuta <kata>.*</kata> hatapata la kwanza kisha la pili. Nyota itaanzia tagi ya kwanza na kusimama kwenye tagi ya mwisho, ikimeza kila kilichomo katikati, pamoja na neno na.

Dawa yake ni kuiwekea mpaka, kwa kuandika <kata>[^<]*</kata>. Maana yake ni kurudia herufi yoyote isipokuwa ile inayoanzisha tagi. Nyota inapofika hapo inasimama, na kila jina linapatikana peke yake.

Tofauti ya ruwaza hizo mbili ni alama chache tu. Katika faili la mistari elfu hamsini, alama hizo ndizo zinazotenganisha kazi iliyokamilika na orodha iliyoangamia.

Uongozi, misukosuko na heshima

Kleene hakuishi katika vitabu peke yake. Kati ya mwaka 1956 na 1958 alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha wanamantiki. Chuoni aliongoza idara ya hisabati, na mwaka 1962 hadi 1963 aliongoza idara changa ambayo baadaye ilikuja kuwa idara ya sayansi ya kompyuta.

Kuanzia mwaka 1969 hadi 1974 alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi na fani. Ilikuwa miaka migumu. Maandamano ya kupinga vita vya Vietnam yalitikisa vyuo vya Marekani, na Agosti 24, 1970, bomu lililolenga kituo cha utafiti wa hisabati cha jeshi liliulipua ukumbi wa Sterling, Madison, na kumuua mtafiti mmoja wa fizikia. Kleene aliwahi kukaimu ukurugenzi wa kituo hicho miaka michache kabla.

Mwaka huohuo wa 1970 alifiwa na mkewe Nancy. Mwaka 1978 alioa tena, na mwaka uliofuata akastaafu.

Heshima zilimfikia uzeeni. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Steele ya Chama cha Hisabati cha Marekani, na mwaka 1990 alitunukiwa Medali ya Taifa ya Sayansi, iliyo ya juu kabisa kwa wanasayansi wa nchi hiyo. Wanafunzi aliowaongoza katika shahada ya uzamivu walienea katika vyuo vikuu, na baadhi yao wakawa majina makubwa katika mantiki na kompyuta.

Stephen Cole Kleene aliaga dunia mjini Madison Januari 25, 1994, siku 20 baada ya kutimiza miaka 85. Maktaba ya hisabati ya chuo chake ilipewa jina lake.

Alichowaachia makarani

Alipofariki, intaneti ya kurasa zenye tagi ilikuwa na miaka michache tu. Tangu hapo nyota yake imeingia katika programu za kuhariri, katika injini za hifadhidata na katika mitambo ya kukagua kama namba ya simu au anwani imeandikwa sawasawa. Wengi wanaoitumia hawalijui jina lake, na wanaolijua hulitamka isivyo.

Maisha ya Kleene yana somo kwa yeyote anayekabidhiwa faili lenye majina ya watu. Huyu ni mtu aliyejua vizuri kuliko wengi kile ambacho mashine inaweza kukifanya, na kwa sababu hiyo alijua pia inaposhindwa. Alitaka kila dai lithibitishwe kabla ya kuaminiwa, hata likiwa la mwalimu wake.

Karani anayemfuata atalinakili faili kabla ya kuligusa. Atatafuta kwanza bila ya kubadilisha, ahesabu yaliyopatikana, na ayasome kwa macho yake machache kati ya hayo. Atajaribu ruwaza yake kwa jina linalostahili kuguswa na kwa jina lisilostahili, Ngorongo kwa upande mmoja na Ngorongoro kwa upande mwingine. Baada ya hapo ndipo atakapobonyeza.

Kubadilisha maneno elfu moja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma hatua moja ndiko kulikompa tabu Church, hata Kleene alipolipata jawabu kwenye kiti cha daktari wa meno: njia ya kurudi huandaliwa kabla ya kwenda mbele. Kwa mkazi wa Ngorongo anayesubiri jina lake lisomwe, nakala iliyohifadhiwa kabla ya amri kutolewa ndiyo njia hiyo.